Meno ya kahawia ya Arusha na Nakuru: ublichi, usugue, upake kompoziti au uweke vinia?

Kama umekulia Arumeru, Hai, Siha au Ngaramtoni, au upande wa Kenya umekulia Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha, haya meno huhitaji kuelezwa na mtu. Kahawia kwa mbele, mengine yana mistari myeupe, mengine yana vishimo, na unakuta mtu mzima anacheka huku kaweka kiganja mdomoni miaka na miaka mpaka imeshakuwa ndo tabia yake. Sa hivi kliniki za meno zimejaa mitandaoni na picha za kabla na baada, kila mtu anataka vinia, yale maganda membamba yanayogandishwa mbele ya jino, na swali linaloongoza kwenye komenti ni "vinia shingapi?" Mi naona swali la kwanza lilitakiwa liwe jingine: doa lako limeingia ndani kiasi gani, na hicho unachotaka kufanyiwa siku kikifeli, jino lako litakuwa limebaki na nini?

Basi nitalinganisha kwa kipimo hicho. Bei nitaigusa, muonekano nitaugusa, ila mizani yangu ni jino linalobaki, maana meno mengi ya kahawia ya mbele ni mazima kabisa, hayaumi, hayajaoza, na jino zima ukishalikata halioti tena.

Kwanza doa lenyewe. Linatokana na madini ya floraidi kuzidi kwenye maji wakati mtu ni mtoto, kipindi enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, ya meno ya ukubwani inajengwa ikiwa bado imo ndani ya ufizi. Kwa meno ya mbele ya juu kipindi kibaya zaidi ni kama mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, na kwa ujumla hatari inaendelea mpaka kwenye miaka 8 hivi. Ukihamia Arusha una miaka 25 ukanywa maji ya huko, meno yako hayageuki kahawia, hiyo ni hofu ya wageni tu. Alafu kitu ambacho wengi hawakijui: jino halitoki kwenye ufizi likiwa kahawia, linatoka na weupe wa chaki usiong'aa, enameli yake ina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na ile kahawia inaingia baadaye kwa chai na vyakula na mate, mwaka baada ya mwaka. Ndo maana wa darasa la pili unamwona ana mawingu meupe tu, akifika sekondari imeshakuwa rangi ya chai. Hii ni habari nzuri kwako mwenye meno kwa sababu kahawia mara nyingi ipo karibu na juu na inatoka kirahisi kuliko ule weupe wa chaki.

Shirika la Afya Duniani linasema maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa inaruhusu mpaka 4, na kuna vyanzo chini ya Mlima Meru vilivyopimwa vikapita 20. Kwahiyo usijione una uchafu au hukupiga mswaki utotoni, hayo ni maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano, hukuchagua.

Madaktari wana kipimo cha kusema doa limefika wapi, kinaanzia 0 mpaka 9, kilitengenezwa na Wadenishi wawili, Thylstrup na Fejerskov, mwaka 1978, na kinatumika dunia nzima. Watoto waliochunguzwa kukitengeneza walikuwa wa Tanzania, yaani meno yetu ndo yaliyofundisha wengine. Kwa lugha ya mtaani: 1 mpaka 3 ni vimistari na mawingu meupe, 4 jino zima limepoteza mng'ao, 5 na 6 vishimo vimeanza, 7 mpaka 9 enameli imemeguka vipande. Kumbuka hizo namba, tutazirudia, na ukienda kwa dokta muulize kabisa "mimi nipo ngapi?" Akikuangalia kwa sekunde tano akaanza kukutajia bei ya vinia kumi, we nyanyuka taratibu, sema unaenda kutoa hela benki.

KUSAFISHA TU, BILA LOLOTE

Hii watu wanairuka na ndo ya kuanzia kwa kila mtu. Kuna ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda nyuma ya meno ya chini na pembeni mwa fizi, mswaki hauutoi, unatolewa kliniki kwa mashine ya mtetemo. Ukitolewa, sehemu ya rangi uliyodhani ni ya kuzaliwa inaondoka nao, hasa kwa wavuta sigara, wanywa chai ya rangi na watafuna mirungi. Floraidi haiguswi hapa, ila fizi zinaacha kuvuja damu, na hilo ni la lazima kabla ya urembo wowote. Vinia ikigandishwa pembeni ya ufizi unaovuja damu, gundi haishiki vizuri, ufizi unazidi kuvimba, na baadaye ukirudi nyuma unaona mstari kati ya vinia na jino. Kati ya huduma zote nitakazozitaja hii ndo ya bei ndogo na ndo yenye faida kubwa kuliko zote kwa afya ya kinywa, ila hamna mtu anaipost.

BLICHI AU KUSUGUA KWA ASIDI?

Hapa ndo pazuri kwa walio wengi, maana wengi wetu tupo kwenye 1 mpaka 4.

Blichi ni dawa ya peroksaidi. Kuna ya nyumbani, unatengenezewa trei nyembamba inayofuata meno yako, unaweka jeli ya nguvu ndogo, ile ya kabamaidi asilimia 10 ndo imezoeleka, unalala nayo wiki mbili hivi au zaidi. Kuna ya kliniki, haidroji peroksaidi ya asilimia 35 hadi 40, unakaa kwenye kiti saa moja fizi zimekingwa, unatoka umeng'aa. Wengi wanakimbilia ya kliniki kwa sababu ya haraka, alafu kuna ile taa ya buluu inapendeza kwenye selfi. Mi ningemshauri mtu ya nyumbani: matokeo ya mwisho hayapishani sana, ganzi ya baridi kwenye meno ni ndogo, na trei inabaki yako, mwakani unanunua jeli tu.

Shida ya blichi kwa meno yetu ni kwamba inaweupisha jino zima, haichagui doa. Siku za kwanza yale mawingu meupe yanaonekana zaidi na mtu anapaniki anaacha katikati. Vumilia, jino likishapata maji yake na sehemu nyingine zikipanda weupe tofauti inapungua, ila haiishi kabisa. Na kahawia nzito inafifia inakuwa njano ya mchanga, haipotei. Kwa upande wa jino linalobaki, blichi inapata maksi zote, haikati kitu. Inauma uma kidogo kwa baridi siku kadhaa alafu inapita. Mjamzito na anayenyonyesha asubiri, na chini ya miaka 18 sio ya kukimbilia, kule Ulaya sheria imewakataza kabisa wa umri huo na bidhaa zikipita asilimia 6 ya haidroji peroksaidi hazitakiwi kutumika.

Kusugua kwa asidi, madaktari wanaita maikroabrasheni, ni kitu kingine na nashangaa kwa nini hakivumi kwetu wakati kwa kahawia ya floraidi ndo kwenyewe. Unalala kwenye kiti, dokta anakuvalisha mpira mwembamba uliotobolewa matundu, meno ya mbele tu ndo yanachungulia, midomo na fizi zimefichwa, na we unavaa miwani. Anachukua ujiuji mzito wenye asidi na chenga laini, anaweka tone kwenye doa, anasugua taratibu kwa kikombe kidogo cha mpira kilichofungwa kwenye mashine, hakizidi dakika moja, anaosha. Alafu anaangalia jino likiwa limelowa, hiyo ni alama ya fundi anayejua kazi, maana jino likikauka linadanganya weupe. Anarudia mara kadhaa, akiona doa haligandui anaacha, hachimbi. Mwisho anapaka dawa ya floraidi, ndio floraidi hiyo hiyo, kulikaza jino. Hamna sindano.

Kinachoondoka ni kama sehemu ya kumi ya milimita ya enameli, na enameli ya jino la mbele ina unene wa kama milimita moja, kwahiyo umepoteza kidogo sana na umemalizana na doa, haurudi kila mwaka. Kahawia inatoka vizuri, weupe wa chaki unatoka nusu nusu. Jino linaweza kuonekana njano kidogo baadaye kwa sababu umeipunguza enameli na rangi ya dentini ya ndani inapenya, ndo maana wengi wanamalizia na blichi. Hizo mbili kwa pamoja, asidi kwanza, blichi wiki chache baadaye, kwa mtu wa 3 au 4 zinatoa kicheko ambacho hakuna atakayejua umefanya kitu, na meno ni yako.

Kuna binamu yangu wa Usa River alienda kwa dokta mmoja mzee ameshapania, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo dokta."
"Marahaba mwanangu, karibu. Nini kinakusumbua?"
"Nataka vinia kumi."
"Kumi za nini? Hebu panua mdomo nione kwanza."

Akalikausha jino kwa upepo, akaweka kitaa kidogo nyuma ya jino akaangalia mwanga unavyopita. Doa la juu juu mara nyingi linafifia ukilimulika kwa nyuma, la ndani linabaki giza. Akamwambia, "haya ya kwako yanasuguliwa, vinia zirudie ukifika umri wangu." Binamu alinuna mpaka kituo cha daladala. Sa hivi anacheka na meno yote nje na hela ya zile vinia kaezekea nyumba.

Kwa weupe wa chaki unaogoma kuna njia ya tatu, Icon ya kampuni ya DMG ya Ujerumani, ilianza kuuzwa 2009. Dokta anafungua ngozi ya enameli kwa asidi, anapitisha spiriti, alafu anapaka maji maji ya resini (aina ya plastiki) yanayonywea kwenye vile vitundu na kugandishwa kwa taa. Weupe unaonekana kwa sababu vitundu vina hewa na hewa inarudisha mwanga, ukijaza resini mwanga unapita na doa linapotea, ni ile karatasi ya mandazi ikidondokewa na mafuta unaona inakuwa ya kupenyesha. Haikati jino kwa mashine kabisa. Inafaa 1 mpaka 3, haifai vishimo. Haipatikani kila kliniki, ulizia kwenye miji mikubwa kabla hujafunga safari.

Alafu kuna kliniki ya jikoni: ndimu, mkaa uliosagwa, magadi, majivu, mpaka kuna wanaopitisha msasa. Ndimu ni asidi nayo, tofauti ni kwamba haina mtu wa kuisimamisha, unasugua na mswaki enameli ikiwa imelainika na unaila kila siku. Baada ya mwaka jino limekuwa njano zaidi kuliko ulipoanza na maji ya baridi unayaogopa. Tuishie hapo.

KOMPOZITI AU VINIA YA KAURI?

Ukiwa kwenye 5 na 6, vishimo vimeanza, blichi na asidi haziwezi kujaza shimo. Hapa unaingia kwenye kupaka, na hapa ndo watu wanapigwa kwa sababu ya majina. Vinia ziko za aina mbili. Kuna ya kompoziti, ile plastiki ngumu inayozibia meno, dokta anaipaka na kuichonga mdomoni mwako siku hiyo hiyo. Kuna ya kauri, inatengenezwa maabara, unarudi mara mbili au tatu. Tangazo likisema "vinia kwa bei ya ofa" karibu siku zote ni kompoziti, na sio kitu kibaya, ila ujue unachonunua usije ukadhani umepata kauri kwa bei ya kutupa.

Kompoziti kwanza. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba jino halikatwi au linakwanguliwa kidogo tu, ikimeguka inarekebishwa palepale kwa nusu saa, na ukibadilisha mawazo inatolewa jino likiwa bado lipo. Kwa vishimo ni zaidi ya urembo maana vishimo vinashika ukoga, mswaki haufiki chini, na jino la floraidi lenye vishimo linaoza vizuri tu, ile imani kwamba meno ya kahawia hayaozi sio kweli ukifika ngazi za juu. Kuvijaza ni kinga. Ubaya wake inadumu miaka mitano mpaka saba hivi kabla haijahitaji kazi, inafyonza rangi, mnywa chai ya rangi na kahawa ya Kilimanjaro ataona pembe zinageuka, na mng'ao unapungua inabidi ipigwe polishi. Alafu inategemea sana mkono wa dokta, kuna wanaopaka jino linakuwa bapa jeupe lisilo na uhai. Omba kuona picha za kazi zake mwenyewe, sio za mtandaoni.

Mwanya pia unazibwa kwa kompoziti, kama unataka. Mi nikiona mtu anaziba mwanya nasikitika kidogo, huku kwetu watu wanautamani na we unaulipia uondoke, ila mdomo wako.

Kauri sasa. Haipokei rangi, inang'aa kama enameli yenyewe, ufizi unaipenda maana ukoga haushikilii sana juu yake, na ikigandishwa vizuri inakaa miaka 10 mpaka 15, wengine zaidi. Kwa 6 na 7 ambako enameli ya juu imeshaharibika hata hivyo, mi naikubali bila kona. Ila bei ya moja inaweza kulipia kompoziti za meno kadhaa, na jino linapunguzwa sehemu ya mbele, kawaida milimita 0.3 mpaka 0.7. Umeshakata, umekata. Kuanzia siku hiyo hilo jino litavaa kitu mpaka unakufa. Piga hesabu: ukiweka una miaka 22, ukabadilisha kila baada ya miaka 13, utabadilisha ukiwa na 35, 48, 61, na kila mara jino linapungua kidogo tena, na kila mara unalipa upya kwa bei ya wakati huo. Mtu wa miaka 45 hesabu yake ni nyepesi zaidi. Kwahiyo chini ya miaka 30 mi kompoziti kwanza, nasimamia hapo hata kama una hela.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo kwa meno yetu ni la kuuliza kabisa. Enameli ya floraidi ngozi yake ya nje ni sugu kwa asidi, na asidi ndo inayoandaa jino lishikwe na gundi. Dokta aliyezoea meno ya kawaida anaweza kuweka asidi kwa sekunde zile zile za siku zote na vinia ikadondoka baada ya miezi kwenye muhindi wa kuchoma. Anayejua meno ya huku anaongeza muda wa asidi au anakwangua kwanza ile ngozi ya juu. Muulize tu kistaarabu, "dokta, meno ya floraidi ushayafanyia wangapi, na gundi unaishikishaje?" Kwa hili dokta wa Moshi au Nakuru ambaye kila siku anapokea haya meno anaweza kuwa bora kuliko kliniki ya kifahari ya Masaki au Kilimani.

Na kama unasaga meno usiku, unaamka taya limechoka, sema kabla. Kompoziti na kauri zote zitavunjika, utahitaji kinga ya kulalia.

VINIA AU KRAUNI?

Fupi: krauni kwa ajili ya rangi peke yake, kwenye jino lisilo na ubovu, hapana.

Krauni ni kofia inayofunika jino lote kuzunguka, na ili iingie jino linachongwa pande zote. Kuna utafiti wa 2002 wa Edelhoff na Sorensen waliopima kwa meno ya mfano ya plastiki uzito wa ile sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, kabla na baada: vinia iliondoa kati ya asilimia 3 na 30, krauni nzima iliondoa 63 mpaka 72. Theluthi mbili ya jino linaloonekana imeenda na vumbi la mashine. Jino lililochongwa hivyo neva yake iko karibu na nje, mengine yanakufa baada ya miaka, yanahitaji kutibiwa mzizi kwa kutoboa ile krauni uliyolipia. Vijana wa Uingereza walishayapitia, walisafiri Uturuki kwa ofa ya "vinia" wakarudi wamewekewa krauni mdomo mzima, na dokta wa kwao anawaambia hayo meno hayana tena pa kurudi. Ndugu zetu walioko Ulaya nao wanaona matangazo yale yale. Ukiambiwa vinia, omba kuandikiwa kwenye karatasi ni vinia au krauni, jino gani na gani, na milimita ngapi zinatolewa.

Krauni ina mahali pake: jino lililotibiwa mzizi, lililovunjika kwa ajali ya bodaboda, au la floraidi ya 8 na 9 ambalo enameli imemeguka mpaka dentini iko wazi na linauma. Hapo ni matibabu, na ni msaada mkubwa.

Zile za kupachika unazoagiza mtandaoni, unazivaa juu ya meno kwa ajili ya harusi, vaa siku hiyo ukipenda, kula usile nazo, usilale nazo. Na asiye daktari asikugandishie kitu chochote mdomoni hata kama ana koti jeupe na taa ya buluu. Kenya angalia jina lake kwenye rejista ya baraza la madaktari la huko, KMPDC, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika.

UKIAMUA, MPANGILIO UPO

Watu wanaweka vinia alafu wanataka kublichi yale mengine yafanane, au wanablichi leo wanapaka kompoziti kesho. Kauri na kompoziti hazibadiliki kwa blichi, kwahiyo blichi inatangulia. Na ukimaliza blichi subiri kama wiki mbili, maana peroksaidi inaacha oksijeni ndani ya jino na gundi haishiki. Kwahiyo unasafisha, unaziba yaliyotoboka, unasugua kwa asidi kama doa ni kahawia, unablichi, unasubiri, ndo unaangalia upya kwenye kioo. Wengi wakifika hapo vinia kumi zinakuwa kompoziti mbili, au hazihitajiki. Bima nyingi hazilipi urembo, ila kuziba vishimo vilivyooza ni matibabu, usikubali kila kitu kiandikwe "urembo" kwenye karatasi, uliza.

Na dawa ya meno yenye floraidi endelea nayo. Najua inashangaza, umeharibiwa na floraidi alafu unaambiwa uipake, ila kwa mtu mzima meno yameshajengwa, kahawia haiongezeki kwa dawa ya meno, na inakukinga na kuoza, hasa ukishakuwa na kompoziti na vinia ambazo pembeni mwake ndo kuoza kunapoanzia. Ununue uzi wa meno pia. Mtu kalipa mamilioni ya vinia na hana uzi wa elfu kadhaa nyumbani.

Kwa aliye na mtoto mchanga sa hivi kwenye maeneo hayo, kwako ulinganisho ni mwingine na ni rahisi kuliko yote niliyoandika. Kuchemsha maji hakutoi floraidi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri karibu hayana kabisa, na chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa linaipunguza sana, pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanyia hilo kazi kwa miaka na Nakuru dayosisi ya Kikatoliki ilitengeneza vichujio hivyo. Chujio lina muda wake, mifupa ikishiba inabidi ibadilishwe, usilinunue ukalisahau. Huna maji ya kutosha nyumba nzima? Tenga ndoo ya mtoto peke yake, ya kunywa na ya kupikia uji, mpaka avuke miaka 8, wengine mnaweza kunywa ya kawaida kama hayajazidi sana. Kwa vyanzo vile vya kupita kiasi hata mkubwa aache, huko sio meno tu, mifupa inakakamaa na watoto miguu inapinda. Magadi usiweke kwenye chakula chake, mengi yana floraidi na kijiko kimoja kwenye sufuria ya makande kinarudisha yote uliyochuja. Dawa ya meno akiwa chini ya miaka 3 ni kiasi cha punje ya mchele, 3 mpaka 6 punje ya njegere, na ateme asimeze.